Ramani tatu za mwaka 2040 na shamba la eka sita Geita: tuamini ipi?

Swali: *Mtaalamu, shikamoo. Naishi Nyegezi, Mwanza. Marehemu baba alituachia shamba la eka sita nje kidogo ya mji wa Geita, upande wa barabara ya kwenda Sengerema. Tunalima mihogo na mahindi, na kipande cha chini kina miti. Halijapimwa wala hatuna hati. Mtoto wa kaka yangu anamaliza chuo, na utafiti wake ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi Geita. Ametuletea ramani tatu za mwaka 2040 alizotengeneza kwa programu iitwayo PLUS. Kwenye ile ya "mambo yakiendelea hivi hivi" nusu ya shamba ni makazi. Kwenye ya "uchumi kwanza" shamba lote ni jekundu la mji, ila pembe moja ya kijivu, anasema ni uchimbaji. Kwenye ya "kulinda mazingira" limebaki kijani tupu. Anasema modeli yake ina usahihi wa asilimia 91. Sasa kaka anataka tuuze upesi kabla serikali haijaligeuza eneo la kijani, na dalali ameshaleta mteja. Mimi naona tusubiri mji utufikie. Ukoo umegawanyika. Ramani ipi ndiyo ya kweli?*

Marahaba dada yangu. Nianze na linalowagombanisha: kati ya ramani hizo tatu hakuna iliyotabiri. Kaka yako ameisoma ile ya kijani kama tangazo la serikali, wewe umeisoma ile nyekundu kama ahadi, na kijana wenu, nadhani, hakukusudia lolote kati ya hayo. Kila ramani inajibu swali la "ikiwa". Ikiwa mambo yataendelea kwa kasi ya miaka iliyopita, itakuwa hivi. Ikiwa uchumi utapewa kipaumbele, itakuwa hivi. Ikiwa misitu na vyanzo vya maji vitalindwa, itakuwa hivi. Kuuliza ipi ni ya kweli ni kuuliza "ikiwa" ipi itatokea, na hilo kompyuta haikuulizwa.

Nimtulize kaka kwanza. Rangi ya kijani kwenye tasnifu ya mwanafunzi haimpi ofisa yeyote mamlaka juu ya shamba lenu. Ardhi hutengwa kwa mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, na ikitwaliwa kwa manufaa ya umma Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati, hata kama shamba halijapimwa. Tena hiyo ramani ni kijani kwa sababu kijana aliiamuru iwe hivyo. Katika senario (yaani "ikiwa" moja) ya kulinda mazingira mtafiti huandika kanuni mwenyewe: msitu usigeuke makazi, ardhi ya kilimo isipungue kupita kiasi fulani, kando ya maji pasijengwe. Kompyuta inatii. Mkiona kijani, mnaona sharti lake likirudi kwenu limepakwa rangi.

Sasa niwaeleze mashine hiyo inavyofanya kazi, maana mkiijua mtaweza kumuuliza kijana maswali ya maana.

Anaanza na picha za setilaiti za miaka miwili au mitatu iliyopita, tuseme 2000, 2010 na 2020. Mara nyingi ni za setilaiti za Landsat, ambazo kila kiseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Kila kiseli kinapewa jina: shamba, msitu, makazi, maji, ardhi tupu, machimbo. Kisha anahesabu nini kiligeuka nini. Tuchukue mfano wa kubuni: viseli 1,000 vilikuwa shamba mwaka 2010, na kufikia 2020 viseli 200 vimekuwa makazi. Hiyo ni asilimia 20. Kwa muongo unaofuata hesabu inachukua tena asilimia 20 ya vile 800 vilivyobaki, yaani 160, na kuendelea. Huu ndio mnyororo wa Markov, uliopewa jina la Mrusi aliyeiandika hesabu yake mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kama mwenye duka anayekadiria mauzo ya mwakani kwa daftari la mwaka jana: anapatia, mradi mtaa haujabadilika.

Hapo amepata kiasi tu. Mahali anapata kwa hatua ya pili. Programu inachunguza viseli vilivyogeuka zamani vilikuwa na sifa gani: umbali kutoka barabarani, mwinuko, mteremko, umbali kutoka katikati ya mji, wingi wa watu. Kila kiseli kinapewa alama ya uwezekano. Halafu viseli vinatazama majirani zake: shamba lililozungukwa na nyumba lina nafasi kubwa ya kuwa nyumba kuliko lililo peke yake porini. Programu inarudia mzunguko huo mpaka kiasi kilichokadiriwa kitimie. PLUS, iliyotolewa na watafiti wa China mwaka 2021, inaongeza uwezo wa kupanda "mbegu" za makazi mapya mbali na yaliyopo. Katika msingi wake, kazi ni hiyo hiyo.

Mnaona basi shamba lenu ni dogo kiasi gani machoni pake. Eka sita ni kama mita za mraba 24,300. Kwa viseli vya mita 30 mnapata 27 hivi. Ile "nusu ya shamba" inayowanyima usingizi ni viseli 13 au 14. Picha ikisogea upana wa kiseli kimoja tu, jambo la kawaida, mpaka kati ya nyekundu na kijani unahama upande mwingine wa nyumba ya baba. Modeli za namna hii husema jambo la maana kuhusu kata nzima, kuhusu mwelekeo wa mji. Kumwambia mtu mmoja kuhusu eka zake, hapana. Akitumia picha za setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza 2015 na zenye viseli vya mita 10, atapata picha kali zaidi, lakini historia yake ni fupi.

Kuna na matatizo ya kwetu huku kanda ya ziwa ambayo miongozo iliyoandikwa kwingine haiyataji. Shamba lililovunwa mwezi wa Agosti, udongo ukiwa mtupu na mwekundu, setilaiti inaliona karibu sawa na machimbo. Bati lenye kutu linafanana na udongo huo huo. Mwanza majabali ya itale yanahesabiwa kuwa nyumba, na nyumba zilizobanana katikati ya majabali zinahesabiwa kuwa jabali. Na jambo la mteremko: modeli nyingi huja na dhana kwamba mlima mkali haujengwi. Mwambie hivyo mtu wa Mabatini au Igogo! Huku watu wamepanda vilima kwa sababu huko ndiko ardhi ilikopatikana karibu na mjini. Kwa hiyo muulizeni kijana kama ameenda shambani na simu yenye GPS, akasimama kwenye viseli vyake na kuona kilichopo. Kama kazi yote ameifanyia bwenini, ile pembe ya kijivu inaweza kuwa ni kichuguu na njia ya ng'ombe.

Sasa tuje kwenye asilimia 91, namba iliyowatia imani. Simtuhumu kijana, ndivyo wengi wanavyofundishwa kuripoti. Lakini fikirini hivi. Chukua viseli 1,000, na katika miaka kumi viseli 80 vimegeuka kweli. Mtu mvivu asiye na modeli yoyote akisema "hakuna kitakachobadilika," atakuwa amepatia 920 kati ya 1,000. Asilimia 92. Sasa chukua modeli iliyosema viseli 80 vitageuka, ikapatia 35 na kukosea 45. Na 45 vingine vilivyogeuka haikuviona. Makosa 90 jumla, usahihi asilimia 91. Mvivu ameishinda! Ardhi nyingi haibadiliki kwa muda mfupi, kwa hiyo kila modeli inavuna alama za bure kwa ardhi iliyokaa kimya. Swali la kumuuliza kijana ni hili: kati ya viseli ulivyosema vitageuka, vingapi viligeuka kweli? Ajaribu kwa picha za 2000 na 2010 kukisia 2020, kisha alinganishe na 2020 yenyewe. Akija na theluthi moja au nusu, msimcheke. Kazi hii ni ngumu kwelikweli, na hiyo namba ni ya uaminifu kuliko 91.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya hili: Geita ni mji wa dhahabu.

Senario za aina aliyotumia kijana wenu zimejaribiwa sana China, kwenye miji inayoishi kwa makaa ya mawe, mafuta na chuma. Mwaka 2013 serikali ya huko ilitaja rasmi miji na maeneo 262 yanayotegemea rasilimali, ikayagawa makundi manne: yanayokua, yaliyokomaa, yanayodidimia, na yaliyofufuka kwa shughuli nyingine. Mgawanyo huo una mantiki, kwa sababu mji wa aina hii hauendi mstari mmoja. Kinachousukuma kiko chini ya ardhi, kwenye bei ya soko la dunia na kwenye leseni, na hakuna setilaiti inayopiga picha vitu hivyo.

Tazameni Geita yenyewe. Mgodi wa wakoloni ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966. Mtu ambaye angechukua ramani za miaka ya 1970 na 1980, akazifunga kwenye mnyororo wa Markov na kukisia 2020, angechora mji mdogo wa pamba na mihogo. Kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000, Geita ikafanywa mkoa mwaka 2012, na sensa mbili zinasema lililofuata: mkoa ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012, ukafika 2,977,608 mwaka 2022. Ni ukuaji wa asilimia 5.4 kwa mwaka, wakati wastani wa nchi ulikuwa 3.2.

Sasa mnaona shida ya ile ramani ya kwanza inayoonekana ya upole, ya "mambo yakiendelea hivi hivi". Kijana, nadhani, amechukua miaka ya 2000 hadi 2020, ambayo yote ni ya neema, akaisukuma mbele. Hiyo nayo ni dau: kwamba dhahabu itaendelea kutoka na bei itaendelea kulipa. Katika daftari lake hakuna hata mwaka mmoja wa mgodi kufungwa, kwa hiyo modeli haijui kufungwa kunafananaje. Jirani zetu Kahama wanajua. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulifunguliwa 2009 na uzalishaji ukafika mwisho 2021, miaka kumi na mbili tu, na mpango ukawa kuligeuza eneo lile kuwa la viwanda na biashara. Sisemi Geita itafungwa kesho. Mgodi wake ni mkubwa zaidi. Nasema kwamba kati ya ramani zenu tatu, senario iliyo muhimu kuliko zote kwa mji wa madini haimo.

Na kuna wachimbaji wadogo, ambao ndio wanaonishinda mimi mwenyewe kila ninapojaribu kuwaweka kwenye modeli. Rashi ikitokea, yaani watu wakikimbilia dhahabu mpya, pori linakuwa mji ndani ya miezi: maduara (mashimo ya kuchimbia), makarasha (mashine za kusaga mawe), mama lishe, maduka ya simu, gesti. Dhahabu ikipungua, watu wanahama na mashimo yanabaki. Shamba likishageuka duara, au likishakaa chini ya plenti (mtambo) inayosafisha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kwa sayanidi, halirudi kuwa shamba la mihogo kwa kufumba na kufumbua. Kwenye picha yote hayo ni viseli vya "ardhi tupu" tu.

Upande mwingine kuna jambo lililobadilika kwa neema. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 19, 2025, likiwa na urefu wa kilomita tatu. Zamani kuvuka kwa kivuko kulichukua nusu saa na ushei bila kuhesabu foleni, na ukikuta foleni ya malori unajua mwenyewe. Leo ni dakika chache. Modeli ya kijana, kama imefunzwa kwa picha za hadi 2020, inapima umbali wa shamba kutoka barabarani, nao haujabadilika hata mita moja. Kilichobadilika ni muda wa kufika Mwanza. Namshauri aweke muda wa safari badala ya umbali na aendeshe tena. Nadhani wekundu kandokando ya barabara ya Sengerema utaongezeka kwenye ramani zote.

Kwa hiyo msomeje mlichonacho? Mwambieni aziweke ramani tatu moja juu ya nyingine, kisha aongeze mbili: moja yenye daraja, moja ya mgodi kupunguza uzalishaji na wahamiaji kukoma. Mtafute sehemu inayobaki rangi ile ile kwenye zote. Kwa jinsi ulivyoeleza, nahisi ukanda wa mbele, ule wa karibu na barabara, utakuwa makazi katika karibu kila "ikiwa", na kipande cha chini chenye miti kitabadilika-badilika. Sehemu ambapo ramani zinakubaliana ndipo mnapoweza kuegemea. Zinapotofautiana, muulizeni ni sharti gani moja linaloleta tofauti, kisha mlifuatilie sharti hilo miaka ijayo badala ya kubishana juu ya rangi.

Kuhusu kuuza, nitakuwa mkweli. Kuuza sasa kuna faida kama kuna mgonjwa au ada inayodaiwa. Lakini shamba lisilopimwa bila hati huuzwa kwa bei ya haraka, na anayenufaika ni yule mteja wa dalali, ambaye pengine ameshauona mchoro wa halmashauri kabla yenu. Kusubiri tu nako si mpango. Mji ukifika kabla hamjapimiwa, unafika na wavamizi, na njia za mtaa zinachorwa katikati ya mihogo. Mimi ningeelekea njia ya tatu, ambayo haitegemei ramani ipi itatimia: halalisheni umiliki, pimisheni, tengeni viwanja vichache kwenye ukanda wa mbele ambavyo mnaweza kuuza kimoja kimoja shida ikija, na kipande cha chini kiendelee na miti. Miti inaleta kuni na nguzo mji ukija au usipokuja, na wazee wetu wa Kisukuma walijua faida ya kutenga ngitili, eneo la malisho na miti linalohifadhiwa, kabla yeyote hajasikia habari za setilaiti. Ubaya wa njia hii ni gharama ya upimaji, na itabidi ukoo uchange. Pia inahitaji mpatane, nayo hamjafika huko.

Lakini kuna jambo lililotangulia yote, na hamkulitaja. Baba ni marehemu. Je, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama? Kama bado, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuuza hata kiwanja kimoja, na pesa ya mteja wa dalali ikipokelewa na kaka peke yake mtakutana mahakamani mkiwa ndugu wa damu. Kikao cha ukoo kikae, kiandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo. Hilo halitatuliwi kwa maandishi yangu wala kwa simu. Mkiona ugomvi umekomaa, tafuteni mwanasheria au msaada wa kisheria uso kwa uso.

Baada ya hapo kuna ofisi tatu. Kwa mwenyekiti na mtendaji mtajua kama shamba liko kwenye ardhi ya kijiji au ndani ya eneo la mipango la mji. Jibu hilo linaamua kama mtafuata hati ya haki miliki ya kimila au hati ya mjini, na kwenye ardhi ya kijiji mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kwa afisa mipangomiji ombeni kuona mchoro uliopo wa eneo lenu, na muulize kama kuna unaoandaliwa. Huo ndio "ikiwa" wenye muhuri. Na kwa sababu ya ile pembe ya kijivu, pitieni kwa Afisa Madini Mkazi Geita, aangalie kama eneo limeangukia ndani ya leseni ya mtu. Madini ni mali ya taifa, ndiyo, lakini leseni ya madini haimpi mwenye nayo shamba lenu. Anatakiwa kukubaliana na mwenye ardhi, na asilazimishe. Leseni ya mchimbaji mdogo inaweza kufika hekta 10, kwa hiyo eka zenu sita, ambazo hazifiki hata hekta mbili na nusu, zinaweza kumezwa zote ndani ya moja bila ninyi kujua.

Kama juu ya shamba, upande maji yanakotokea, kuna plenti au mahali wanaposafishia dhahabu kwa zebaki, msinywe maji ya kisima cha shambani mpaka yapimwe. Hilo lisisubiri mirathi.

Kijana mpeni nauli aende na simu yake azunguke mipaka, achukue majiranukta (namba za GPS) ya pembe zote, na ayaandike kwenye karatasi moja. Ofisi zote tatu zitawauliza karatasi hiyo kabla ya kitu kingine. Dalali mwambieni mteja asubiri. Kama anakataa kusubiri mirathi, basi hakuwa mteja.